Gofu ya visahani: Mchezo wa bure unaoleta wateja katika mji wa ng'ombe

UKIMWONA mtu mzima anarusha kitu mfano wa kifuniko cha sufuria katikati ya miti, anakifuata kwa miguu, anakiokota na kukirusha tena, unaweza kudhani ana lake jambo. Katika bustani ya Peter Pan, mji wa Emporia, jimbo la Kansas nchini Marekani, watu wa namna hiyo ni wengi, na kwa wenye maduka wa mji huo ni wateja.

Mchezo wao ni gofu ya visahani. Hauna fimbo, hauna mpira mdogo mweupe na, ingawa wachezaji husema wanacheza "mashimo" tisa au 18, hakuna shimo hata moja. Kuna kikapu cha chuma kilichosimamishwa kwenye bomba, ukingo wake ukiwa karibu usawa wa kiuno, na juu yake minyororo inayoning'inia kama pazia. Kisahani kikigonga minyororo hupoteza kasi na kudondokea kikapuni. Mlio huo wa chuma ndio anaoutafuta mchezaji.

Emporia ni mji wa watu wasiozidi 25,000, na ni mji wa ng'ombe. Upo katika eneo la vilima vya Flint, ambako chini kidogo tu ya udongo kuna mawe na jembe halipiti. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya vilima hivyo haikulimwa, ikabaki malisho ya nyasi ndefu ambayo wafugaji huyachoma kila majira ya kuchipua ili ng'ombe wapate nyasi changa. Kwa miongo kadhaa machinjio na kiwanda cha nyama vilikuwa tegemeo kubwa la ajira mjini hapo.

Hiyo ndiyo sababu habari za mchezo huu zinawahusu wakulima na wafanyabiashara wadogo kuliko zinavyoonekana kwa mara ya kwanza.

Unavyochezwa

Mchezaji akifika kwenye uwanja mdogo wa mashimo tisa hakuti geti wala karani wa kukata tiketi. Hukuta kibao chenye ramani, na pengine hata hicho hakipo. Kila shimo lina sehemu ya kurushia, mara nyingi bamba la zege, na kwenye viwanja maskini ni udongo ulioshindiliwa tu. Kutoka hapo hadi kikapuni ni kama mita 50 hadi 100. Anayejifunza atatumia mirusho minne au mitano, mzoefu mitatu, na siku ya bahati miwili.

Hesabu yake ni nyepesi. Mrusho mmoja ni alama moja, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Kisahani kinapotua, mchezaji husimama nyuma ya pale kilipoangukia na kurusha tena. Aliye mbali zaidi na kikapu hutangulia. Akishafika ndani ya mita 10 haruhusiwi kurusha huku anaangukia mbele, ni lazima aoneshe kuwa amesimama imara ndipo asogee. Kisahani kikivuka mpaka wa uwanja, anaongezewa alama moja ya adhabu.

Kinachowasumbua wageni ni kwamba kisahani hakiendi pale macho yanapotazama. Anayetumia mkono wa kulia, akirusha kwa mtindo wa kawaida wa kuufungua mkono kutoka kifuani, atakiona kinakwenda vizuri mwanzoni, kisha kasi ikipungua kinapinda kushoto. Mwenye mkono wa kushoto hupindiwa kulia. Kwa hiyo mti ulio kushoto mwa kikapu, ambao mgeni hata haujali, ndio unaomla mirusho miwili bila kujua kosa lake liko wapi.

Halafu kuna upepo, na Kansas upepo haukosekani. Upepo ukija usoni hukiinua kisahani na kukigeuza upande usiotarajiwa. Ukija mgongoni hukikandamiza kikaanguka mapema. Shimo ambalo jana lilikwisha kwa mirusho mitatu, leo linachukua mitano, na mchezaji ni yule yule. Wakulima wanaijua hali hiyo.

Visahani vyenyewe si vile vya watoto wa ufukweni. Kanuni haziruhusu kisahani kuzidi gramu 200, na vingi vina uzito wa gramu 150 hadi 175. Vya masafa marefu vina ukingo mwembamba na mkali unaokata hewa. Vya kumalizia karibu na kikapu vina ukingo mnene wa mviringo, huenda polepole na kwa unyoofu. Wazoefu hubeba mkoba wenye visahani 15 au 20, lakini anayeanza anaweza kumaliza uwanja mzima kwa kimoja, na walimu wengi wa mchezo humshauri afanye hivyo.

Kupotea kwa visahani ni sehemu ya mchezo. Vinaingia kwenye vichaka, vinakwama juu ya miti, vinazama kwenye mabwawa. Wachezaji huandika namba ya simu nyuma ya kisahani, na ni desturi anayekiokota kumpigia mwenyewe. Wapo pia wanaopiga mbizi mabwawani na kutoka na magunia ya visahani. Vingine hurudishwa kwa wenyewe, na vingine vinauzwa kama mitumba. Ni biashara ndogo, lakini ipo.

Uwanja wa mashimo tisa humalizika kwa muda wa saa moja hivi. Kwa watu wanaotoka kazini jioni, muda huo unatosha.

Kilivyozaliwa kikapu

Mchezo wa kurusha vifuniko kwenye shabaha ni wa zamani. Mwaka 1926 wanafunzi wa shule moja huko Bladworth, Saskatchewan nchini Kanada, walikuwa wakirusha vifuniko vya mikebe kwenye miduara waliyochora mchangani. Kisahani cha plastiki kilikuja kuwa bidhaa kubwa mwaka 1957, pale kampuni ya Wham-O ya California iliponunua haki za kisahani cha mbunifu Fred Morrison na kukipa jina la Frisbee.

Aliyeufanya kuwa mchezo wenye uwanja ni Ed Headrick, mfanyakazi wa Wham-O. Mwaka 1975 alibuni uwanja katika bustani ya Oak Grove huko La Cañada Flintridge, California. Mwanzoni shabaha zilikuwa nguzo tu. Tatizo la nguzo ni ubishi, maana mmoja anasema kisahani kimegusa, mwenzake anasema hakikugusa. Headrick akatengeneza kikapu chenye minyororo, akapata hataza yake mwaka 1977, na ubishi ukaisha, kwa kuwa kisahani ama kimo ama hakimo. Mwaka 1976 alikuwa ameanzisha chama cha wachezaji, PDGA, ambacho hadi leo ndicho kinachosimamia kanuni.

Alifariki mwaka 2002. Kwa matakwa yake mwenyewe, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani.

Mwaka 2021 idadi ya wanachama hai wa PDGA ilivuka 100,000, baada ya janga la UVIKO-19 kuwasukuma watu kutafuta michezo ya nje isiyo na msongamano. Kipindi hicho maduka mengi yaliishiwa visahani. Leo viwanja duniani vimepita 15,000, na Marekani ndiyo inayoongoza kwa wingi. Finland, Estonia na Iceland zina viwanja vingi mno ukilinganisha na idadi ya watu wake.

Machinjio yalipopunguza kazi

Januari 2008 kampuni ya Tyson ilitangaza kusitisha uchinjaji wa ng'ombe katika kiwanda chake cha Emporia. Kati ya wafanyakazi wapatao 2,400, karibu 1,500 walipoteza kazi. Waliobaki walikata na kusindika nyama iliyochinjwa kwingine.

Miongoni mwa waliokumbwa na uamuzi huo walikuwamo wakimbizi wa Kisomali waliokuwa wamehamia mjini hapo kwa ajili ya kazi hiyo. Wengi wao walifunga virago kwenda miji mingine yenye viwanda vya nyama, hasa Garden City magharibi mwa Kansas. Mfanyabiashara wa mji mdogo haelezwi maana ya jambo hilo mara mbili. Mishahara 1,500 ikiondoka, inaondoka na mkate, viatu, kodi za vyumba na mafuta ya magari.

Wakati huo huo kulikuwa na duka dogo lililokuwa na miaka mitatu tu. Jeremy Rusco alianzisha biashara ya Dynamic Discs mwaka 2005 kwa kuuza visahani kupitia intaneti. Baadaye ikawa na duka katikati ya mji, na kuanzia mwaka 2012 ikawa na visahani vyenye jina lake. Visahani hivyo havikutengenezwa Kansas. Vilitengenezwa Sweden na kampuni ya Latitude 64. Kilichokuwa cha Emporia ni jina, ghala, duka, na zaidi ya yote wateja waliokuja kucheza.

Sababu ya wao kuja ni mashindano yaliyokuwa yakifanyika mwishoni mwa Aprili, ambayo kwa miaka mingi yaliitwa Glass Blown Open. Yalianza kwa udogo, yakakua hadi kuvuta wachezaji zaidi ya 1,000 kwa mkupuo. Wengi wao hawakuwa mabingwa. Walikuwa mafundi, walimu, wanafunzi na wastaafu waliolipa ada ya kushiriki, wakalala mjini siku kadhaa na kucheza kwenye viwanja mbalimbali vya mji na vitongoji vyake. Jioni, barabara ya Commercial, ambayo ndiyo mtaa wa maduka wa Emporia, ilifungwa kwa magari ikawa uwanja wa sherehe.

Mji huo ukapewa pia mashindano ya ubingwa wa dunia mara mbili. Mwaka 2016 walishinda Ricky Wysocki na Valarie Jenkins, wote wa Marekani. Mwaka 2022 alishinda Paul McBeth, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa amesaini mkataba wa Dola milioni 10 kwa miaka 10 na kiwanda cha visahani cha Discraft, na kwa wanawake alishinda Kristin Tattar wa Estonia.

Fedha zinatoka wapi kama ni bure?

Swali hili ndilo la kibiashara, na jibu lake linafaa kufikiriwa taratibu. Viwanja vingi vya Marekani vipo kwenye bustani za umma na havitozi kiingilio. Bustani ya Peter Pan yenyewe ni ardhi iliyotolewa na familia ya William Allen White, mhariri maarufu wa gazeti la Emporia Gazette, kwa kumbukumbu ya binti yao Mary aliyefariki mwaka 1921. Hakuna anayepata senti pale mtu anapopita na kisahani chake.

Fedha ipo pembeni ya uwanja. Mchezaji aliyetoka Wichita au Kansas City, miji mikubwa iliyopo kwenye barabara kuu ile ile inayopita Emporia, amejaza mafuta. Atakula mara mbili. Akija na wenzake watatu watalipia chumba. Kisahani kipya ni kama Dola 10 hadi 20, na aliyepoteza viwili asubuhi atahitaji vingine kabla ya mchana. Mwenye kituo cha mafuta, mwenye mgahawa na mwenye nyumba ya wageni wote wanakula kwenye uwanja ambao hawakuujenga wala hawaufyeki.

Hapo ndipo penye utamu na ndipo penye uchungu. Anayebeba gharama za uwanja ni halmashauri ya mji na watu wa kujitolea, na anayevuna ni mwingine. Mahali ambapo wavunaji hawachangii, uwanja huchakaa. Udongo wa sehemu za kurushia huliwa na mvua, ardhi inayozunguka vikapu hukanyagwa hadi ikawa ngumu kama sakafu, na miti iliyo karibu na njia huchubuliwa magome kwa kupigwa kila siku. Kisahani cha gramu 170 kikirushwa kwa nguvu ni kama panga butu.

Ni lazima pia kusema ukweli kuhusu ukubwa wa kapu hili. Desemba 2024 Tyson ilitangaza kukifunga kabisa kiwanda cha Emporia, na mapema mwaka 2025 watu zaidi ya 800 wakapoteza kazi. Hakuna mashindano ya wiki moja yanayoweza kulipa mishahara 800 ya mwaka mzima. Mchezo uliupa mji jina na wateja wa msimu, na uliwapa wenye maduka sababu ya kuajiri mtu mmoja au wawili zaidi. Haukununua ng'ombe hata mmoja kwa mfugaji, na anayeusifia kuwa umeiokoa Emporia anazidisha.

Tena mteja wa msimu ana hatari zake. Mwaka 2020 UVIKO-19 ulivuruga ratiba, na aliyekuwa ameagiza bidhaa kwa ajili ya umati wa Aprili alibaki nazo. Watu walicheza kwa wingi mwaka huo, lakini walicheza kwao.

Shamba la miti ya Krismasi

Mfano ulio karibu zaidi na mkulima upo mbali na Kansas, katika mji wa Leicester, jimbo la Massachusetts. Huko kuna Maple Hill, shamba la miti ya Krismasi. Mti wa Krismasi huchukua miaka saba hadi 10 kufikia kimo cha kuuzwa, na ukifika huuzwa katika wiki chache tu za mwisho wa mwaka. Siku zilizobaki shamba linakula tu: kupalilia, kupogoa, kulinda.

Wenye Maple Hill waliweka vikapu kati ya miti na kando ya mabwawa, wakawatoza wachezaji kiingilio. Ardhi ni ile ile, miti ni ile ile. Miche ikiwa midogo, kisahani hupita juu yake. Ikikua, inakuwa ukuta wa kukwepa na mchezo unanoga zaidi. Uwanja huo umekuwa miongoni mwa viwanja vinavyosifiwa sana Marekani na umeandaa mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa.

Kinachofaa kuangaliwa hapo ni mpango wa mwaka mzima, kuliko umaarufu. Shamba lenye zao linalokaa miaka mingi ardhini, iwe miti ya mbao au matunda, lina nafasi kati ya mistari na lina miezi ya kusubiri. Si kila zao linafaa. Mwenye miche michanga ya matunda au maua ya kuuza asiruhusu visahani karibu, na mwenye ng'ombe afikirie mara mbili, kwa kuwa mifugo hupenda kujikuna kwenye bomba la kikapu, na mchezaji akisahau kufunga lango la malisho hasara yake ni kubwa kuliko kiingilio chake.

Gharama za kuanza

Gofu ya kawaida ya mashimo 18 hudai ekari zaidi ya 100, maji ya kumwagilia, mbolea, dawa na mashine za kukata majani. Gofu ya visahani hukadiriwa kwa ekari moja kwa kila shimo, na uwanja mdogo wa mafunzo huhitaji chini ya hapo. Ardhi haisawazishwi. Mteremko, korongo, mawe na kichaka, yaani vile vinavyomfanya mkulima aache kipande fulani bila kulima, hapa ndivyo vinavyoupa uwanja sura. Majani hufyekwa njiani tu na kuzunguka kikapu.

Kikapu imara cha kudumu huuzwa Marekani kwa takriban Dola 300 hadi 500, hivyo tisa si chini ya Dola 2,700 kabla ya zege na usafiri. Vya kukunja na kuhamisha ni nafuu zaidi. Kwa umbo lake, kikapu ni kazi ambayo fundi yeyote wa kuchomelea anaiweza: bomba, nondo nyembamba na minyororo. Kazi ngumu ni kuipanga minyororo isiwe mizito hadi ikirudishe kisahani nje, wala mepesi hadi kipenye upande wa pili. Na mahali penye wanunuzi wa vyuma chakavu, bomba lizikwe kwenye zege, la sivyo kikapu hakitamaliza mwezi.

Kabla ya yote hayo, kuna hatua isiyogharimu kitu. Viwanja vingi vilianza kwa kufunga kitambaa kwenye miti tisa na kuhesabu mirusho hadi kuugusa mti, wiki baada ya wiki, kuona kama watu wanarudi. Aliyebuni kikapu naye, huko Oak Grove mwaka 1975, alianza na nguzo.